Mabega ya Mukwe

Vita ilipoingia Bunia mwezi wa tano, muzee Xavier aliogopa vilima kuliko risasi. Risasi inaweza kukukosa. Vilima vya barabara ya Marabo havijawahi kumkosa mtu.

Ujana wake wote aliumaliza Mongbwalu akitwanga mawe ya dhahabu na kumeza vumbi, na vumbi lile halikutoka tena. Agathe, muuguzi wa dispensari ya mtaa, hakumficha kitu.

"Muzee, kifua chenu kimejaa hewa yenye haitoke. Ile musuli kubwa chini ya mbavu, yenye inavuta pumzi, imesukumwa mpaka imelala bapa. Haina nguvu tena. Sasa shingo na mabega ndiyo vinaisaidia. Muegemeze mikono mahali, mabega yatainua mbavu. Mukitembea mikono inaning'inia, mutakatika pumzi."

Ndiyo maana siku ya kukimbia Xavier hakuipanda kinga, baiskeli yake, aliisukuma. Majirani walicheka: mgonjwa gani huyu, anasukuma baiskeli badala ya kubebwa juu yake? Wacheke. Yeye aliinama juu ya usukani, uzito wote mikononi, akatoa hewa polepole kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayepuliza chai ya moto, na kilima cha kwanza akakimaliza.

Hatua kumi nyuma yake alikuja mukwe wake Emérance, bibi ya mtoto wake Fiston, na mzigo wa maharagwe mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Fiston alikwenda Fataki tangu mwezi wa tatu, hakurudi. Kwao bukwe ni sheria: mtu na bibi ya mtoto wake hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani machoni. Miezi miwili hiyo walikaa nyumba moja, wakiongea kupitia ukuta.

Chini ya kilima cha pili vijana wenye bunduki walikuwa wamelaza mti barabarani.

"Weye muzee, acha kinga hapo."

"Mwanangu, bila hii sipumui."

"Kumbe kinga inapumua! Basi ije ipumue kwetu."

Wakacheka mpaka mmoja wao akashika tumbo. Kinga ikaenda.

Xavier alipiga hatua thelathini. Mikono ikaning'inia, mabega yakakosa pa kushika, mbavu za chini zikaingia ndani kila alipovuta. Akainama, akashika magoti, pumzi ikarudi kidogo. Lakini nani anatembea ameshika magoti? Nyuma, upande wa Bunia, milio ya risasi ilianza tena, na watu wakampita mbio.

"Baba." Emérance alikuwa amefika karibu. Akashusha maharagwe, akayaacha kando ya barabara, akasimama mbele yake na kumpa mgongo. "Mushike mabega yangu."

"Haiwezekane."

"Niliona vile mulikuwa munashika kinga. Nitaenda polepole."

"Weye ni bibi ya Fiston. Nikikugusa, ni laana."

"Laana itafute watu wenye wako hai, baba. Ikikuta tumekufa, itafanya nini?"

Muzee akamwambia aende peke yake. Hakwenda. Milio ikasogea. Xavier akainua mikono, akaiweka pale mabegani, juujuu, kama mtu anayegusa chungu cha moto. Wakapanda. Pumzi ikaja.

Katikati ya kilima mama Pétronille, wa kanisa lao, akawapita na godoro kichwani.

"Yesu! Muzee Xavier, mchana kweupe! Hata bukwe imekimbia vita?"

Xavier akatoa mikono kama aliyechomwa. Akajikaza, akatembea mwenyewe. Hatua tano. Nane. Ya kumi na mbili ikampeleka chini. Mdomo wazi, hewa ipo dunia nzima, ndani yake haiingii.

Emérance hakumgusa. Alisimama tu juu yake, risasi zikilia, uso kauelekeza pembeni kama alivyofundishwa. Ndipo Xavier akaelewa: mtoto huyu hataondoka. Aibu yake yeye ndiyo itawaua wote wawili, na Fiston, akirudi, hatakuta mtu.

"Mukwe," akasema, neno moja kwa kila pumzi. "Karibia. Uiname."

Akashika mabega yale, safari hii kwa uzito wake wote, akanyanyuka.

"Mushike nguvu," akasema Emérance.

"Nakuumiza."

"Muniumize."

Mbele mama Pétronille aligeuka mara mbili kuwatazama. Xavier alimwona, na hakuachilia. Hatua mbili akivuta, hatua nne akitoa. Emérance alishaanza kuzisikia pumzi zile kupitia vidole vya muzee, akapima mwendo wake nazo. Baadaye mabega ya Emérance yalianza kutikisika chini ya mikono ya muzee. Xavier alijua mukwe wake analia, na hakuwa na hewa ya kumuuliza kitu. Marabo bado ilikuwa mbali. Akaendelea kushika.