Mguu Barafuni, Kikapu Kichwani

Gahongayire aliteguka kifundo cha mguu asubuhi ya posa ya mtoto wa kaka yake, kwenye ngazi za mawe nyuma ya nyumba yake, Nyamirambo. Hakusema "nakufa." Alisema, "Msimwambie Nyiramana."

Nyiramana alikuwa wifi yake. Siku ya posa, shangazi wa kijana ndiye hubeba kikapu cha mtama kichwani, bila kukishika, kutoka langoni mpaka kwa mama wa binti. Asipoweza, hubeba wifi. Na huyu wifi alikuwa akiingojea nafasi hiyo kama fisi angojavyo mkono wa mpita njia udondoke.

Eustache, aliyekuwa akichua wachezaji wa timu ya mtaa, alileta ndoo ya barafu. "Shangazi, dakika kumi tu. Kisha utoe mguu, utulie nusu saa kabla ya kutembea."

"Kama kumi ni dawa, saa nzima ni hospitali," alijibu, na ndoo akaenda nayo kwenye pikapu mpaka Kibagabaga, kwao binti, mguu ndani.

Langoni alisimama. Maumivu hakuna! Wakamtwika kikapu.

Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, aliutafuta mguu asiupate. Ulikuwa umetangulia, lakini kama umekanyaga nyasi au vidole vya mtu, hakuwa na habari, na kuinama kutazama haiwezekani. Kikapu kikayumba. Akasimama palepale, katikati ya uwanja. Vigelegele vikakatika.

"Wifi, tembea!" Nyiramana alinong'ona nyuma yake. "Umeota mizizi?"

"Mguu haupo."

"Haupo umekwenda wapi? Lete kikapu."

"Heri nife nimesimama."

Mzee Niyonzima, msemaji wa upande wa binti, akainuka. "Mgeni amesimama. Tumekosa nini?"

Msemaji wa upande wa kijana, Zephaniah, hakuwahi kukiri maishani kwamba kuna jambo asilolijua. "Kwetu," alisema, "mama wa binti hukilaki kikapu njiani. Asipokuja, tumekataliwa."

Desturi hiyo haikuwapo. Hata Gahongayire aliisikia siku hiyo. Lakini wazee wakanong'onezana, na mama wa binti, Nyiraneza, mwenye magoti mabovu, akainuliwa na watu wawili, akaja polepole kama anayepanda mlima.

Alipofika, barafu ikauachia mguu. Maumivu yakapanda kama siafu, na Gahongayire akajua sawasawa kifundo chake kilipo. Akaegemea mguu mzima, akapiga magoti taratibu, kikapu kimenyooka, machozi yakimchuruzika, mpaka Nyiraneza akakipokea kwa mikono miwili.

"Tazameni anavyolia!" alisema Nyiraneza. "Hawa wanampenda mtoto wetu kweli."

Gahongayire alijiinua nusu, akageuza kichwa, ambacho sasa kilikuwa chepesi.

"Wifi, nishike. Sasa naweza kuanguka."

Akamwangukia Nyiramana shingoni, mzima mzima, na wanawake wote wakapiga vigelegele kwa jinsi mawifi wale walivyopendana.