Pikapu za Gitaa la Bendi

Hakuna kitu kinachonichosha kama mtu kuniambia kitu kinavyopendeza. Mimi sioni. Sijaona tangu utotoni, na Dodoma nzima inalijua hilo, maana nimewapigia gitaa la solo kwenye harusi zao, kipaimara chao na Idi zao zote. Lakini ingia dukani na mimi uone. Hamjamaliza hata kusalimiana, mtu ameshaanza kunisifia rangi.

Asubuhi ile tulikuwa kwa Hamidi, fundi redio wa karibu na soko la Majengo: mimi, mke wangu Cecilia, na Thobias, kiongozi wa bendi yetu. Gitaa la bendi lilikuwa limekufa sauti. Pikapu zake, zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba zinazokaa chini ya nyuzi, zilikuwa zimechoka. Moja ilikuwa kimya kabisa na nyingine ilivuma kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa na kila mtu ana binamu Dubai. Binamu wa Hamidi alikuwa ameleta pikapu jozi mbili, na Thobias alinifuata mpaka nyumbani ili nikachague.

Nilikwenda kwa furaha. Ukumbi tuliokuwa tukipigia ulikuwa wa shirika la umma, shirika likauzwa, na Jumamosi mwenye ukumbi mpya alikuwa anakuja kutusikiliza. Nilitaka anisikie nikiwa na sauti yangu kamili. Nilikuwa nimekalia kiti cha solo tangu bendi inaanzishwa, na sikuwa tayari kukipoteza kwa sababu ya waya mbovu.

"Mama, mzee anataka zipi?" Hamidi alimuuliza Cecilia.

"Muulize mwenyewe," Cecilia akasema. "Mdomo anao."

Hamidi akanigeukia na kupaza sauti kana kwamba nimesimama Msalato, nje ya mji. "Kuna za dhahabu, bwana, na kuna nyeusi."

"Hamidi, macho ndiyo yaliyokufa. Masikio ni mazima."

"Samahani. Ila hizi za dhahabu, wallahi, zinapendeza. Zinameremeta."

"Zichomee nizisikie."

Akazichomea. Harufu ya risasi ya kuchomea waya ikatuwasha pua, kisha akachomeka waya kwenye amplifaya yake na kunipa gitaa. Nilipogusa nyuzi, vioo vya kabati la duka vilitetemeka.

"Umesikia nguvu hiyo, kaka Yoramu?" Thobias akauliza.

Nguvu niliisikia. Sikusikia kingine chochote. Nyuzi sita zilipiga kelele kwa pamoja kama wajumbe wanaogombea kusema kikaoni. Ukigusa uzi wa kwanza, wa tatu nao unajitia. Nikamwambia Hamidi azitoe, naye akaanza kunieleza tena jinsi zinavyong'aa, hasa taa za jukwaani zikizipiga. Cecilia akaguna. Alikuwa amenishika shati kwa nyuma, nadhani ili nisije nikasema neno la aibu dukani kwa watu.

Zikaja nyeusi. Ah, hizo zilikuwa kitu kingine. Nilipiga taratibu, zikanijibu taratibu. Nilipokaza kidole, nazo zikakaza. Kila uzi ulisema wake ukanyamaza. Nikajikuta nacheka peke yangu, na mwili mzima ukatulia kwa mara ya kwanza tangu gitaa liharibike.

"Hizi," nikasema. "Mpe fedha yake twende."

Lakini Thobias hakuridhika. "Mtu akiwa anaruka zitasikika vizuri?"

"Nani anaruka?"

"Nauliza tu, kaka. Na mtu akisogea mbele kabisa, karibu na spika, hazitapiga mluzi?"

"Mimi nakaa nyuma, pembeni ya ngoma. Tangu lini umeniona mbele?"

Akaanza kuuliza juu ya waya mrefu wa kufika mpaka kati ya wachezaji. Nilianza kuchemka. Nilimwona mjinga, kiongozi mzima wa bendi asiyejua hata wapiga gitaa wake wanakaa wapi. Hamidi naye, kwa kutaka kutuliza mambo, akalichukua gitaa, akakaza skrubu mbili tatu na kunirudishia.

Lilikuwa na uzito mwingine. Nikapapasa kitako chake nikakuta kishikizo kipya cha chuma, na kwenye kishikizo umefungwa mkanda wa ngozi, bado unanukia upya.

"Huu wa nini?"

"Mkanda wa begani," Hamidi akasema. "Bwana Thobias aliuagiza tangu juzi."

Mimi napiga nimekaa. Sijawahi kupiga gitaa nikiwa nimesimama, hata siku moja. Mkono wa Cecilia ukahama kutoka kwenye shati ukanishika bega, na hapo nikajua kwamba yeye ameshaelewa.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

Thobias alikohoa. "Brighton. Ametoka Dar. Kaka, si mimi. Mwenye ukumbi anataka watu wa kusimama, wanaocheza huku wanapiga. Wewe utabaki na sisi, utakuwa mshauri wa bendi."

"Mshauri."

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Tukishachagua pikapu."

Basi nikaelewa kwa nini nilifuatwa nyumbani asubuhi kwa heshima zote zile. Aliogopa kwamba nikijua nitachagua vibaya. Kiti changu walikuwa wameshakitoa, ila sikio langu bado walikuwa na kazi nalo. Niliumia.

Hamidi naye aliona aibu, nilimsikia akihamisha vitu mezani bila sababu. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo angeitumia tangu mwanzo tungeelewana: "Sasa nifunge zipi?"

Cecilia akaniinamia sikioni. "Sema za dhahabu, Baba Raheli."

Nilitaka kusema za dhahabu. Nawaambia kweli, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kichwani mwangu nilimsikia huyo Brighton Jumamosi akiruka na mkanda wake huku nyuzi zinakanyagana, mwenye ukumbi amekunja uso, na Thobias anatokwa jasho. Lakini gitaa bado lilikuwa mapajani mwangu, na vidole vilikuwa vinatembea vyenyewe juu ya nyuzi, na kila uzi ulikuwa unasema wake.

"Nyeusi," nikasema. "Na ile ya mbele ishushe kidogo, uzi wa kwanza unazidi."

Cecilia akasonya, akanishika mkono tukatoka. Mpaka tunafika nyumbani hakunisemesha, na sikumlaumu, kwa sababu hata mimi sikutaka kuongea na mtu kama mimi.