Kikao cha Ukoo Juu ya Kichwa cha Shekina

Shekina, mke wa mwanangu Mathieu, alilala hospitalini shingo imekauka kama ubao, hajui tena hata jina lake. Shemeji yangu Gamaliel, karani wa zamani wa reli, akaita kikao cha ukoo palepale kando ya kitanda. Tangu mume wangu afariki, ukoo wetu haupigi chafya bila ruhusa yake.

Tukaimba, kikao kikafunguliwa. Swali: nini kimevimbisha bongo ya Shekina? Mmoja alisema jua la sokoni, mwingine mawazo mengi. Wifi yangu Germaine aliniangalia mimi, kwa sababu mama mkwe hakosi kutajwa.

Dokta Cathy akaingia na sindano mbili.

“Iko meningite. Mikrobe iliingia mupaka kwa maji yenye kuzunguka bongo. Mwili njo unakasirika, bongo inavimba. Na dawa ikiua mikrobe, inapasuka, vipande vyake vinamwangika, mwili unazidi kukasirika…”

Gamaliel akainua kidole. “Mumesikia? Dawa njo inavimbisha! Natoa wazo: dawa ikatazwe. Nani anaunga mukono?”

Mikono ikapanda. Mathieu naye akapandisha wake, maskini, amezoea.

“Baba, sikuisha kusema! Njo maana natanguliza hii ya kutuliza mwili, kisha ile ya kuua mikrobe. Tukichelewa, anakufa.”

“Dokta, weye haiko wa ukoo. Omba ruhusa kwa katibu.”

Katibu alikuwa anatafuta kalamu. Shekina akaanza kutetemeka mwili mzima.

Nikasimama. “Tuombe.”

Macho yote yakafungwa. Sisi Wamethodisti hatumkatizi mjane anayeomba. Mimi niliacha jicho moja wazi. Mathieu naye alifungua lake, akamwashiria dokta kwa kichwa: piga.

Nikaombea wagonjwa. Sindano ya kwanza ikaingia. Nikaombea stesheni za Kabongo na Luena, na treni zote zilizokwama njiani. Gamaliel akakohoa. Nikamwombea na yeye, kwa kirefu, mpaka sindano ya pili ikatoka.

“Amina.”

“Sasa,” akasema Gamaliel, “turudi kwa maneno ya ile dawa.”

“Imekwisha kuingia, Baba,” akasema dokta.

Shekina alipona, ila sikio la kushoto halisikii tena. Gamaliel hupita kila Jumapili kumweleza jinsi kikao chake kilivyomponya. Shekina humkaribisha vizuri, humpa kiti, kisha humgeuzia sikio la kushoto.