Ngombe mbili za Papa Sebarenzi

Administratere alitukusanya mu sale ya parokia, hapa Nyamitaba: wachuruzi, profesere wa kutoka Goma, na sisi wafugaji. Alitaka kujua kama inafaa kutengeneza barabara ya kupitisha maziwa. Profesere akasoma utafiti wake: kila familia iko na ngombe mbili. Kwa hiyo maziwa ni kidogo, barabara haifai.

Nikakasirika. "Profesere, kuhesabu ngombe mbele ya watu ni kuziitia kifo. Ukituuliza, sisi wote tunasema mbili. Na we ukaandika!"

Céline, mwenye kununua fromaji zetu, zile jibini za maziwa, akacheka mpaka akafuta machozi. "Kila wiki napakia fromaji mia tatu. Zinatoka mu ngombe mbili mbili?"

"Sasa nifanye namna gani, Mama Béata?" profesere akaniuliza. Hakukasirika, na hapo njo nilimupenda.

"Uliza majina."

Akamugeukia jirani yangu, Papa Sebarenzi, akamuuliza majina ya ngombe zake. Uso wake ukafunguka. "Bihogo," akaanza. "Gaju. Gitare, ule wa pembe ndefu..." Akataja na mama zao, na nyanya zao. Profesere akageuza ukurasa wa pili, wa tatu. Viazi vyenye walituletea vikapoa mu sahani. Administratere mwenyewe akasema barabara yetu itaandikwa ya kwanza, na tukapiga makofi.

Profesere, kwa furaha, akajisahau. "Kwa hiyo zote ni ngapi, Papa?"

"Mbili," akajibu Papa Sebarenzi.