Mshale Mbele ya Mama Mkwe

Mke wangu Chancelvie alichukuliwa kwangu akarudishwa kwao Katuba kwa sababu ya mshale wa kipima mwendo cha pikipiki. Na mshale wenyewe ulikuwa mwongo. Ndilo lililoniuma zaidi.

Mambo yalianza siku mvua ilipoharibu njia na mabasi yakakosekana. Mama Angélique, mama mkwe wangu, alikuwa amekuja kwetu Kamalondo kumtazama binti yake mwenye mimba ya miezi saba, akataka kurudi kwake. Kwetu mama mkwe haguswi. Ukikutana naye unampisha na kushusha macho. Lakini angefanyaje? Akakubali kupanda nyuma yangu, akaweka kapu lake la sombe, majani ya muhogo, katikati yetu liwe ukuta. Niliendesha kama niliyebeba mayai. Yeye alinyoosha shingo juu ya kapu, akausoma mshale.

"Quatre-vingts," alisema alipokwisha kushuka. "Mutoto yangu na mimba yake, njo vile unamubebaka?"

Nilitaka kumwambia kwamba kwa mwendo wa themanini kapu lingebaki njiani. Lakini mama mkwe habishiwi. Nikasema tu, "Munisamehe, mama." Kesho yake alikuja, akamchukua Chancelvie na begi lake.

"Atarudia siku utajua kuendesha," alisema.

Mimi nabeba abiria mjini mwaka wa sita sasa, na sijamwangusha hata mmoja. Nilimwomba mwenzangu Dédé tuendeshe bega kwa bega. Kipima mwendo chake kilionyesha arobaini, changu themanini. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi Moussa, kwa maana ndiye aliyenibadilishia gurudumu la mbele lilipopinda. Alilifungua, akatoa kipande chenye meno kinachozungusha waya wa mshale.

"Kumbe iko ya pikipiki ingine," alisema taratibu. "Njo inadanganya compteur."

"Basi wewe njo ulinifukuzia bibi."

"Mimi niliweka roue, ndugu yangu. Mambo ya bibi, hapana."

Ningemtupia spana. Kipande cha kwanza alichojaribu kiliulaza mshale kwenye sifuri. Cha pili kiliutetemesha kama mwenye homa. Kila usiku nilikula ugali wa jana peke yangu nikiwalaani wote, waya, meno, na mtu aliyebuni kipima mwendo. Cha tatu kikakubali. Dédé arobaini, mimi arobaini. Nilikaribia kulia barabarani.

Nikaosha pikipiki, nikaenda Katuba.

"Mama, mupande, mujionee wenyewe."

Akapanda, kapu katikati, njia ileile, mwendo uleule. Mshale ukasimama kwenye arobaini. Mama mkwe alinyoosha shingo juu ya kapu, akausoma, nami nikajua nimeshinda. Tuliporudi alishuka, akakaza kitambaa chake cha kichwa.

"Mukwe, siku ile upepo ilivuta hiki kitambaa namna hii hii. Leo upepo iko ile ile, na compteur inasema quarante." Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Umeikoroga juu ya kunidanganya mie, mama yako."

Siku zote hizo nimehangaika kuupata ukweli, na ukweli umefika mlangoni ukaitwa mwizi. Chancelvie alikuwa amesimama kizingitini, mkono tumboni, akiuma mdomo. Alijua. Lakini naye angembishia nani?

Nikarudi kwa Moussa.

"Nirudishie ile ya bongo, ile inadanganya."

"Ile tuliisumbukia bote?"

"Rudisha, Moussa. Usiniulize kitu."

Mara ya tatu mama mkwe alipopanda, niliushika mshale kwenye arobaini, yaani ishirini za kweli. Pikipiki ilikoroma kwa aibu. Kwenye mteremko baiskeli ya makaa, magunia yamefungwa hadi juu ya kichwa cha mwenyewe, ilitupita, na mwenyewe akatusalimu kwa huruma. Abiria wangu wawili wa kila siku waliniona. Kitambaa cha mama mkwe hakikutikisika hata kidogo.

"Njo vile," alisema akishuka. "Sasa unajua kuendesha. Chancelvie, leta begi."

Mke wangu alipanda. Kati yetu hapakuwa na kapu, ila tumbo lake mgongoni mwangu. Tulipokata kona na nyumba ya kwao ikapotea, akaniegemea sikioni.

"Weka yako quatre-vingts. Minajua compteur inadanganya. Tufike nyumbani, nina njaa."

Mkono wangu ulikuwa tayari. Hasira za siku zote hizo zilitaka zitokee pale, kwa moshi na kelele, Katuba nzima isikie. Kisha mtoto akanipiga teke mgongoni.

Nikauacha mshale palepale, kwenye arobaini ya mama mkwe.