Hawa: Wali, Nyama

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na mama yangu mzazi, Jumatatu saa kumi na moja jioni niliteuliwa rasmi kuwa Katibu wa Kamati ya Chakula cha Wakwe. Sifa iliyonipatia cheo ni kwamba kalamu yangu ndiyo pekee nyumbani iliyokuwa bado na wino.

Mwenyekiti alikuwa Mama, fundi cherehani, aliyeongoza kikao pini zikiwa mdomoni. Mjumbe aliyebaki alikuwa Dada, muuguzi, naye hakukaa kitini. Jumamosi wazazi wa mchumba wake wangefika kwetu kwa mara ya kwanza, na tetesi zilikuwa zimemfikia kwamba mama mtu hajaridhika kama mwanawe anaoa kwa watu makini. Mlo huo ndio ungemjibu.

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka bweni, ambako kwa wiki kumi na tatu nilikula maharage pamoja na wadudu waliokuwa wenyeji wake. Niliingia kikaoni na ajenda moja.

Mama alisema mgeni wa kwanza hapikiwi kwa kubahatisha, kama vile gauni halikatwi kwa macho. Apigiwe simu mchumba, aulizwe wazazi wake wanakula nini na hawali nini. Mchumba ni mpimaji wa ardhi, na kwa sababu hiyo tunamwita Shemeji Kamba. Dada alikuwa anawahi zamu, akaniachia kazi hiyo.

"Katibu," alisema akivaa viatu, "ukiboronga hili, nitakudunga sindano isiyo na dawa."

Shemeji Kamba alikuwa kwenye viwanja vyake na upepo ulivuma simuni, lakini nilimsikia vizuri. Alisema, "Hawali nyama." Tangu mzee augue moyo, yeye na mkewe waliacha kabisa.

Niliyanukuu maneno yake kwa uaminifu mkubwa, nikiongeza silabi moja tu na vituo viwili. Karatasi niliyomkabidhi Mwenyekiti ilisomeka: "Hawa: wali, nyama."

Mama akasema afadhali, kumbe si watu wa makuu. Ikapitishwa nyama ya kukaanga, nyama ya mchuzi, kabichi na wali. Hesabu yangu ilikuwa kwamba wageni wangejipatia kabichi na wali, nasi wenyeji tungejitwika mzigo uliobaki. Lakini Jumamosi Mama, kwa kunogewa, alitia vipande vya nyama kwenye kabichi na kuupika wali kwa supu ya mifupa. Hapo ndipo Katibu alipopaswa kusema neno. Katibu alikuwa anaonja.

Wageni walifika kwa wakati, Shemeji Kamba akiwaongoza. Baba yake Shemeji alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, mtu mkimya mwenye miwani mfukoni. Alifunua bakuli la kwanza, akalifunika polepole. Akafunua la pili. Akaomba maji. Mkewe aliugeuza wali kwa ncha ya kijiko, akaunusa, akasema safari imemshibisha.

Dada akamgeukia mchumba wake. "Si ulisema wanakula nyama?"

"Nilisema hawali."

"Kwa hiyo mama yangu ndiye mwongo?"

Mama yake Shemeji akavuta mkoba wake karibu. Mama akainuka, akaleta karatasi kutoka kwenye mkebe wa vifungo, akaiweka mezani mbele ya wote.

Mama yake Shemeji aliisoma, akasema kwa upole kwamba huenda mtoto alisikia vibaya, simu za siku hizi zinakatakata. Niliafiki upesi. Nikataja upepo. Nikashika na sikio, nikadai kwamba tangu shuleni linanisumbua.

Mzee akavaa miwani, akaisogeza karatasi karibu na uso.

"Binti yangu," alisema, "anayesikia vibaya hukosea maneno. Haweki nukta mbili."

Hakuna aliyecheka. Dada alikuwa anakikunja kitambaa cha meza, akakikunja tena, macho kwenye mkoba wa mama mkwe wake.

"Nilisikia vizuri, baba," nikasema. "Shemeji alisema hawali. Mama amepika alichoandikiwa, na Dada hakuwepo. Mwandishi ni mimi. Nilikuwa na hamu ya nyama."