Unyoya Uliofuliwa

Tangu Bobe Yuh apewe na mfalme wa Kom unyoya mwekundu wa ndege kulukulu, kwa kuuzima moto ulioingia msituni, nyumba haikukalika. Aliuchomeka kofiani, na hata fufu alikula na kofia kichwani. Mkewe, Nawain Funkuin, aliyavumilia majivuno. Harufu ya kofia ndiyo iliyomshinda. Siku moja kabla ya kikao cha wenye manyoya kwa mfalme, mzee alipokwenda kugema tembo, Funkuin aliitumbukiza kwenye sabuni ya jivu, unyoya na vyote.

Maji yakawa mekundu. Ndivyo alivyo kulukulu: mvua ya masika haimfanyi kitu, sabuni humvua rangi. Unyoya ukatoka umepauka kama fizi za mtoto.

Funkuin akakimbilia mkuyu wa ukingoni mwa msitu. Juu, kulukulu walipiga mbio matawini kama panya darini, wakimeza makuyu mazimamazima na kumnyea mbegu bila haya. Wakitulia ni kijani tu. Wekundu wa mabawa wanauficha mpaka waruke.

"Kuleni, walafi nyie, lakini mniangushie mmoja!"

Akauokota chini, kati ya makombo. Mwekundu hasa. Akauchomeka kofiani, akanyamaza. Moyo ndio haukunyamaza, maana Kom nzima inajua: unyoya huo hauvaliwi mpaka utoke mkononi mwa mfalme. Kujivika ni kuiba heshima.

Asubuhi Bobe Yuh akaondoka akimeremeta, rafiki yake Nkwain kando. Funkuin alijikaza mpaka wakakaribia daraja, kisha akatoka mbio.

"Bobe, simama! Huo si wako! Wako niliufua, huo nimeuokota mkuyuni!"

Mzee akaivua kofia, akaitazama. "Wangu uko wapi?"

Funkuin akaufungua kutoka pindo la kitenge chake. Nkwain akaangua kicheko.

"Ndugu yangu, huo si wa kuku huo?"

Bobe Yuh akaung'oa ule mwekundu, akauchomeka uliopauka. Aliumia, tena sana.

"Hata kama ni wa kuku, Nkwain. Ndio niliopewa."

Funkuin akageuka, machozi yakimlengalenga.

"Wewe, unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Bobe."

"Kufua nini tena? Twende. Mfalme akiniuliza, utamjibu wewe."